Sikuona Kitu

Rowena Larter hakurudi Thurnsea kwa ajili ya ndege. Aliwaambia watu amekuja kufungasha vyombo vya marehemu baba yake, na ni kweli vyombo vilikuwepo vya kufungasha. Lakini mwanamke anayekwenda kufungasha vyombo hapaki rangi ya midomo asubuhi na mapema, katika baridi ya Januari inayokata masikio, kisha akajitwika darubini ya miguu mitatu begani na kushika njia ya kinamasini. Alirudi kwa sababu ya mtu mmoja. Alitaka mtu huyo amwone kwamba yu mzima, amenawiri, na hana shida naye. Na kama Mungu angemjalia nafasi ya kumwumiza, asingeiacha ipite.

Mtu huyo aliitwa Alastair Mobbs.

Langoni mwa hifadhi alimkuta Dulcie Utting, mlinzi wa mahali pale, mwanamke wa miraba minne mwenye mdomo usio na breki. Alikuwa akinyunyiza chumvi kwenye njia ya mbao ili barafu iyeyuke watu wasije wakavunjika viuno.

"Larter mdogo," alisema Dulcie, akainua uso. "Nilidhani na wewe umeshakufa."

"Bado."

"Tena umepaka midomo. Bata watafurahi sana."

"Wamefika wengi?"

"Bata, au akina Mobbs?"

Dulcie akacheka mpaka moshi wa pumzi ukamfunika uso.

"Bata bukini wapo tele, wamefunika malisho yote ya upande wa bahari. Na akina Mobbs wapo. Leo ni siku ya chama cha watazama ndege, kwani hukujua?"

"Sikujua."

"Mwongo wewe," alisema Dulcie kwa utani, halafu akauma ulimi. Uso wake mpana ukaiva. "Nisamehe, binti. Limeniponyoka."

"Limekwisha, Dulcie."

Halikuwa limekwisha. Pale Thurnsea neno hilo, likimwelekea Rowena, halikuwa utani hata kidogo.

Watu wanaotazama ndege wana sheria yao, na haijaandikwa popote. Unaweza kuwa mlevi, unaweza kumtoroka mkeo na watoto, na bado watakusogezea nafasi kwenye benchi na kukumiminia chai kutoka kwenye chupa yao. Lakini ukidai umemwona ndege ambaye hukumwona, umekufa. Hakuna wa kukuamini tena, hata ukisema kunanyesha.

Miaka mitano nyuma, asubuhi ya Januari kama hii, Rowena na Alastair walisimama karibu na pampu ya zamani ya maji, wamejifunika jaketi moja, na juu ya nguzo ya ua wakamwona bundi mkubwa mweupe wa nchi za barafu, ndege ambaye watu wa huko humsubiri maisha yao yote na kuzikwa bila kumwona. Alastair ndiye aliyemnong'oneza sikioni, "Namwona, mpenzi. Namwona." Na dakika chache baadaye, Alastair huyo huyo ndiye aliyesema, "Katoe habari wewe. Ila usiseme tulikuwa pamoja. Si unamjua mama."

Rowena alimjua. Nani asiyemjua Verity Mobbs, mwenyekiti wa chama cha watazama ndege? Siku ile mwanawe alitakiwa awe kwa akina Imogen, binti wa daktari wa meno, msichana aliyechaguliwa na mama huyo kama mtu anavyochagua pazia. Na Rowena alikuwa nani? Binti wa Walter Larter, mwindaji wa bata. "Mtu aliyelelewa kwa manyoya ya bata waliopigwa risasi hatakaa mezani kwangu," mama huyo alishasema, na hakusema kwa siri.

Basi Rowena akatoa habari peke yake. Watu wakaja kutoka kila pembe ya nchi, wakasimama kwenye theluji mchana kutwa, na walichokiona ni mfuko mweupe wa plastiki ulionasa kwenye waya wa ua. Jioni chama kikaketi. Verity Mobbs akauliza mbele ya watu wote kama kuna mwingine aliyemwona huyo bundi. Rowena akageuza shingo, akamtazama Alastair. Hakumtaja, maana alikuwa ameahidi. Alimtazama tu, akangoja.

"Alastair," mama yake akasema, "wewe ulipita njia ile leo asubuhi?"

Na Alastair, akiwa ameinamia viatu vyake, akajibu, "Sikuona kitu, mama."

Maneno mawili, na neno "mama" juu yake, basi. Rowena aliondoka Thurnsea wiki ile ile. Baba yake ndiye aliyebaki kuyala matunda ya maneno hayo. Kila alipoingia baa alikutana na swali lile lile: "Walter, binti yako leo hajaona heroe wa waridi kwenye theluji?" Mwisho mzee akaacha kwenda baa. Oktoba iliyopita alikufa, na katika wote waliocheka hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba radhi.

Ndiyo maana midomo ilipakwa.

*

Kibanda cha kutazamia ndege kilikuwa kitupu. Rowena aliinua kidirisha chembamba kilichotazama malisho, akatega darubini, akaanza kuwapitia bata bukini mmoja mmoja. Walikuwa weusi, wafupi, wenye kelele kama wanawake wa sokoni wanaogombea bei. Alipitia kundi lote polepole, kwa mazoea tu, huku moyo wake ukiwa mlangoni.

Halafu akamwona.

Katikati ya weusi wote alikuwepo mmoja mdogo, kifua chekundu kama matofali mapya, amechorwa mistari myeupe shingoni. Huyo hakuwa wa pale. Alikuwa amepotea njia kutoka mbali, akafuata kundi la wageni. Rowena alishusha pumzi, akajikuta anatabasamu peke yake. Kwa watu hawa ndege ni wa yule anayemtaja kwanza. Jina lake ndilo litakaloambatana na ndege huyo milele. Alifungua mdomo, na hapo hapo akasikia hatua kwenye mbao za nje.

Alizijua hatua zile. Mguu wa kulia ulikuwa unaburuza kidogo, tangu alipoanguka kwenye baiskeli utotoni. Rowena alifunga mdomo.

Mlango ukafunguka.

"Rowena."

"Funga mlango. Baridi inaingia."

Alastair akafunga. Aliketi kwenye benchi lile lile, akaacha kati yao nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Akafungua darubini yake pole pole, kama mtu anayefungua jeneza.

"Pole kwa msiba wa mzee."

"Asante."

"Nilikuja mazishini. Nilisimama nje ya ukuta wa kanisa."

"Hiyo ndiyo kawaida yako," alisema Rowena bila kugeuka. "Kusimama nje."

Alastair akasema, "Nilikupigia simu mara nyingi sana."

"Nilibadilisha namba."

"Kwa sababu yangu?"

"Usijisifu. Kwa sababu ya watu waliokuwa wananipigia usiku na kuniigizia sauti ya bundi."

"Sikulijua hilo."

"Hukujua mengi. Kujua kungekupa kazi ya kusema."

Rowena aligeuka sasa, akamtazama vizuri. Kosa. Alikuwa amejitayarisha kumkuta amenenepa, amefurahi, ana pete kidoleni. Badala yake alimkuta amekonda, mvi zimemwingia pembeni mwa masikio, na ile skafu ya kijani aliyomfumia yeye mwenyewe bado ipo shingoni, imechakaa, imefumuka ncha. Moyo wake mpumbavu ukapiga teke. Akauchukia moyo huo, akauambia utulie.

"Imogen hajambo?" aliuliza.

"Imogen aliolewa zamani na daktari wa mifugo."

"Maskini mama yako."

"Alilia kuliko mimi."

Rowena nusura acheke. Aliuma mdomo, na ile rangi yake yote ikaharibika.

"Kila mwaka siku hii nakuja hapa kabla ya wenzangu," alisema Alastair. "Nakaa hapa hapa."

"Kufanya nini?"

"Unajua."

"Sijui. Sema."

"Rowena..."

"Sema, Alastair. Hakuna mtu humu. Mama yako hasikii. Sema hata neno moja zima, basi, nilisikie kabla sijafa."

Alifungua mdomo. Ukabaki wazi, kisha ukafungwa. Macho yake yalikuwa na maji, lakini Rowena alishajifunza kwamba macho ya Alastair ni mepesi kulia na mdomo wake ni mzito kusema.

"Basi," alisema Rowena. "Nimeelewa. Tutazame ndege."

Watu wa huko wakishindwa na maneno hutazama ndege. Alastair aliinamia darubini yake, na kwa muda hakuna kilichosikika ila kelele za bata bukini. Rowena alingoja. Alimjua huyu mtu. Angefika tu.

"Mungu wangu," alinong'ona Alastair. Mkono wake ukaruka wenyewe ukamshika Rowena mkono, kama zamani. "Kushoto kwa lango la ng'ombe. Nyuma ya yule anayechechemea. Kifua chekundu! Unamwona?"

Joto la kile kiganja lilipita glovu, likapita sweta, likafika mahali ambapo Rowena alidhani pameshakufa. Aliinama kwenye darubini yake, ambayo ilikuwa imemwelekea ndege huyo tangu mwanzo.

"Namwona," alisema kwa sauti laini.

Na alipoyasema hayo, akajua kabisa atakachofanya.

*

Kipanga mmoja aliikata hewa ya malisho, na bata bukini wote wakainuka kwa kishindo. Walizunguka mara moja juu ya matete, wakaelekea baharini, na yule mwekundu akiwa katikati yao. Malisho yakabaki matupu, nyasi na barafu tu. Alastair alikuwa tayari ana simu sikioni, sauti inamtetemeka kwa furaha.

Chama kikaja mbio kwenye njia ya mbao, jaketi nene zikigongana, chupa za chai zikining'inia. Mbele yao wote, bila kukimbia, akaja Verity Mobbs, mwanamke mrefu aliyenyooka kama mti wa bendera. Alimwona Rowena kwenye benchi. Kope zake zikagusana mara moja, basi.

"Bi Larter. Tunakupa pole."

"Asante, Bi Mobbs. Mmechelewa kidogo. Miezi mitatu."

Dulcie, aliyekuwa amejibana mlangoni, akakohoa kuzuia kicheko.

"Alastair," mama alisema, "tueleze."

Alastair akaeleza yote: kifua, mistari, ukubwa, mahali. Alieleza vizuri, na watu wakatikisa vichwa, wengine wakimwonea wivu. Kisha yule mama akauliza swali ambalo Rowena alikuwa akilisikia ndotoni.

"Nani mwingine amemwona?"

"Sheria niliiweka mimi," aliendelea Verity Mobbs, "na haiwezi kulegea kwa sababu ni mwanangu. Macho ya mtu mmoja hayatoshi. Tulishaona hapa yanaweza kuleta nini."

Macho yote yakamgeukia Rowena, kisha yakakimbia kwa aibu.

"Rowena alikuwa na mimi," alisema Alastair. Alisema kwa uhakika, kwa furaha kabisa, maskini, kama mtoto anayemwonyesha mwalimu mwenzake. "Amemwona. Mwulizeni."

Mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Rowena aliinuka taratibu, akakunja miguu ya darubini mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na haraka. Alikuwa ameusubiri wakati huu kwenye chumba cha kupanga mjini, kwenye foleni ya basi, kando ya kitanda cha baba yake alipokuwa akihema kwa shida na bado akijaribu kumtania kuhusu heroe. Alimtazama Alastair machoni, akahakikisha na yeye anamtazama.

"Sikuona kitu," alisema.

Kisha mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Labda ni mfuko wa plastiki," na wawili watatu wakacheka, kicheko kile kile cha miaka mitano nyuma, ila safari hii kilikuwa kimemgeukia Alastair. Rowena alikisikia. Kilikuwa kitamu ulimini.

Alastair alibadilika rangi. Alimtazama Rowena, na Rowena akajitayarisha kusikia akibisha, akimwita mwongo. Alitaka abishe. Alikuwa na majibu ya kutosha.

Hakubisha.

"Ni haki yake," alisema Alastair.

"Haki gani?" aliuliza mama yake.

"Maneno hayo ni yangu. Niliyasema mimi, pale kwenye ukumbi wa chama. Na nilipoyasema nilikuwa nimeona." Alivuta pumzi. "Yule bundi alikuwepo, mama. Nilimwona kwa macho yangu, karibu na pampu, alfajiri. Nilikuwa na Rowena. Tulikuwa pamoja tangu kabla ya kucha, tena haikuwa mara ya kwanza, na nilikuwa nampenda. Niliogopa kukwambia. Nikamwacha aitwe mwongo mbele ya nchi nzima ili mimi nisigombane na wewe."

Verity Mobbs alishika ukingo wa dirisha.

"Ulikuwa kwa akina Imogen," alisema. "Ulirudi ukanielezea chakula. Ulinielezea mpaka yule bata wa kuoka!"

"Nilimbuni yule bata, mama."

"Kumbe!" alisema Dulcie kutoka mlangoni, akashindwa kujizuia. "Kumbe kwa daktari wa meno bata huliwa, ila kwa Larter ndiyo dhambi."

Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alisogea, akavua kofia yake katika baridi ile, kichwa chake cha upara kikabaki wazi.

"Bi Larter, mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Tena nilimtania baba yako pale baa. Niwie radhi."

"Na mimi," alisema mama mmoja nyuma yake. "Tulikuonea. Wewe hukuwa mwongo."

Rowena alitingisha kichwa, akasema asante, akasema hapana neno. Jina lake lilikuwa limesafishwa mbele ya wote, na aliyemharibia alikuwa amesimama uchi wa aibu mbele ya mama yake. Alichokitaka chote alikuwa amekipata kwa mkupuo mmoja. Basi mbona kila radhi aliyoombwa ilimchoma? Wewe hukuwa mwongo, walimwambia, mmoja baada ya mwingine, na jibu la uongo lilikuwa bado vuguvugu mdomoni mwake.

Alimkumbuka baba yake. Walter Larter aliua bata maisha yake yote, lakini hakuwahi hata siku moja kusema amempiga ndege ambaye hakumpiga.

Alimchukia Alastair kuliko alivyowahi kumchukia. Hata kisasi chake alikuwa amemnyang'anya.

*

Angeweza kuondoka. Badala yake alikaa kutwa, akala pai ya nyama ya Dulcie akiwa amesimama, bila kujua ina ladha gani. Jioni chama chote kilipanda juu ya tuta, kama desturi yao, kuwasubiri bata bukini warudi kulala. Alastair alisimama peke yake kwenye ncha moja. Mama yake alisimama ncha nyingine. Rowena alisimama katikati na hakumsogelea yeyote.

"Unamtazama," alisema Dulcie kando yake.

"Simtazami."

"Leo umekwisha kusema hivyo mara moja."

Rowena akamgeukia. Dulcie alikuwa anapuliza chai yake, macho kwenye kikombe.

"Mimi nalinda hapa miaka mingi, binti. Najua darubini inayotazama kitu na darubini inayotazama hewa. Nilipoingia pale kibandani yako ilikuwa imelenga lango la ng'ombe barabara. Lakini mimi ni mnyunyiza chumvi tu. Sisemi."

Kabla Rowena hajapata jibu, sauti zikaja kutoka baharini, mbali kwanza, kisha zikajaa mbingu nzima. Bata bukini walipita chini kabisa juu ya vichwa vya watu, upepo wa mabawa ukawagusa nyuso, wakatua kwenye maji mbele ya tuta. Na yule mdogo akatua karibu kuliko wote, akajikung'uta, akageuka, akawaonyesha kifua chake chekundu kama anayepigwa picha ya harusi.

Watu walipiga ukelele wa chini chini, wakakumbatiana. Mtu mmoja alilia. Yule aliyetaja mfuko wa plastiki alimfuata Alastair akampa mkono bila kumtazama usoni.

Verity Mobbs hakukumbatia mtu. Siku yake ilikuwa imeharibika tangu asubuhi na alikuwa anatafuta pa kuibwaga. Alikuja taratibu mpaka mbele ya Rowena, na watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja.

"Ndege yule huonekana hata na kipofu," alisema. "Na wewe ulikaa benchi moja na mwanangu, dirisha moja, una darubini nzuri kuliko yake. Leo tumekuomba radhi, Bi Larter. Sasa nakuuliza mbele ya wale wale waliokuomba radhi. Hukumwona?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Rowena aliuona mwisho wake pale pale, mbele ya viatu vyake. Mzee wa kofia ya manyoya alikuwa anamtazama kwa wasiwasi. Ulimi ukawa mzito. Akamwelewa Alastair kwa mara ya kwanza katika miaka mitano, yule kijana aliyeinamia viatu vyake ukumbini, na kumwelewa huko kukamtia hasira zaidi.

"Alikuwa hatazami ndege, mama."

Ni Alastair. Alikuwa amekuja bila kusikika, hata ule mguu wake haukuburuza.

"Alikuwa anatazama nini?"

"Alikuwa ananitazama mimi."

Mtu akaguna. Dulcie akamwaga chai.

"Nilikuwa nazungumza naye," aliendelea Alastair, uso wote umemwiva lakini macho hayainami. "Nilikuwa nambembeleza anisamehe. Aligeuka kunitazama, basi ndege akampita. Nilipodai amemwona, niliropoka. Kosa ni langu. Msimwulize tena."

Alikuwa anasema uongo. Alikuwa anasema uongo mbele ya chama kizima, kwa ajili yake, na mbele ya mama yake. Kwa watu wale ilikuwa sawa na kuichoma nyumba yake mwenyewe. Rowena alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Anyamaze, na jina lake libaki safi, na bata awe wa Alastair, na watu waende nyumbani wakisimulia kwamba binti Larter alimkosa bukini wa kifua chekundu kwa sababu alikuwa amemkodolea macho mwanamume.

Aibu hiyo peke yake ilitosha kumwua. Na kilichomwumiza zaidi ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli.

"Anadanganya," alisema Rowena.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Bata wa karibu waliinua shingo.

"Nilimwona. Nilisema sikuona kwa sababu nilitaka ajue inavyouma. Nikichekwa tena, nichekeni kwa hilo, maana hilo nimelifanya." Alimgeukia Verity Mobbs. "Na kama mnataka kujua yote, nilimwona kabla yake. Kabla hajaingia hata kibandani. Alipofungua mlango nilikuwa nimeshamhesabia mistari ya shingo."

"Mbona hukumtaja?" aliuliza mzee wa kofia, ameduwaa. "Angekuwa wako! Jina lako!"

"Nilikuwa na kitu kingine cha kufanya."

Verity Mobbs alitazama skafu ya kijani shingoni mwa mwanawe, akamtazama tena Rowena, kana kwamba ndiyo kwanza anazilinganisha nyuzi zake na mikono ya mtu. Kisha akasema kwa ukavu, "Basi mashahidi wametimia wawili," akageuka, akashuka tuta bila kumngoja yeyote.

Wengine wakamfuata wakinong'onezana. Dulcie ndiye aliyewasukuma wale waliotaka kubaki kusikiliza. Bata bukini walikuwa wanatulia kwa usiku, na baridi ilikuwa imeanza kupanda kutoka majini.

Alastair alikuwa anacheka. Alicheka kimya kimya, mabega yakimtikisika, machozi yakimshuka mpaka kwenye skafu.

"Kabla yangu," alisema. "Ulimwona kabla yangu, ukaniacha nishikwe na kiherehere, nikushike mkono..."

"Usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka. Na nisikilize vizuri, Alastair Mobbs. Baba yangu alikufa mimi nikiitwa mwongo. Leo hukulipa hata robo. Sijamalizana na wewe."

Alastair alifuta macho kwa ncha ya ile skafu iliyofumuka, na kwa mara ya kwanza siku ile mdomo wake haukuwa mzito.

"Usimalize," alisema. "Nakuomba. Nidai maisha yako yote."